Kamera Inashika Nini? Maneno Niliyowaambia Vijana wa Picha, Lubumbashi

Hotuba hii, ya namna kamera inavyotafuta fokasi, yaani inavyorekebisha lenzi ili picha itoke safi bila ukungu, niliitoa mbele ya vijana wapiga picha katika ukumbi wa parokia, komini ya Katuba. Naiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha.

Jambo yenu wote! Jambo yenu, bamama! Jambo yenu, babaa! Baba Padri, asante kwa ukumbi. Wazee mliowasindikiza watoto, viti vya mbele ni vyenu. Na ninyi vijana mliosimama mlangoni na kamera shingoni, ingieni, hakuna kiingilio.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Wengi hapa mnanijua: nimekula jasho langu kwenye karakana ya reli, nikifungua injini na kuzifunga, mpaka nikastaafu. Kamera ni ugonjwa wangu wa siku za mapumziko. Mama wa nyumbani kwangu husema ni afadhali ningekuwa mlevi, maana bei ya chupa moja inajulikana.

Sitawaambia mnunue kamera gani. Mji huu una wapiga picha wakubwa. Sammy Baloji amezaliwa hapa hapa mwaka 1978, na tangu 2008 wageni wanatoka nchi za mbali kuja kwenye biennale yetu ya picha, yale maonyesho ya kila baada ya miaka miwili. Kama mnataka kujua picha inasema nini, waulizeni hao. Mimi ni fundi. Nitawaambia namna chombo kinavyofanya kazi.

Nina swali moja tu leo. Unapobonyeza kitufe nusu, ukasikia lenzi inalia zii-zii, kamera yako inashika nini? Usiniambie "inashika mtu". Usiniambie "inashika bibi harusi". Inashika nini?

Tuanze na mota, kwa sababu hapo ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Zamani kila kitu kilizungushwa kwa mkono. Mwaka 1977 Konica ilitoa C35 AF, kamera ya kwanza ya kuuzwa kwa wingi iliyojitafutia fokasi yenyewe. Mwaka 1985 ikaja Minolta 7000, kamera ya kioo (yenye kioo ndani kinachopeleka mwanga jichoni) iliyo na otofokasi hiyo, fokasi ya kujitafutia, ndani ya mwili wake, na soko lote likageuka. Ilifika hadi mahakamani: kampuni ya Honeywell ya Marekani ilidai kwamba ufundi huo ni wake, na mwaka 1992 Minolta ikalipa zaidi ya dola milioni 100. Watu wanagombea zii-zii hiyo mnayoisikia, bandugu! Mwaka 1987 Canon ikaja na EOS, na hapo ikafanya uamuzi mkubwa: mota ikae ndani ya lenzi, kila lenzi na mota yake. Nikon ilibaki na mdomo wake wa lenzi wa tangu 1959, na lenzi zake nyingi za mwanzo za otofokasi zilizungushwa na mota iliyo ndani ya kamera, kwa kijiti kinachoingia kwenye lenzi na kuizungusha.

Kwa nini nawachosha na historia? Kuna kijana mmoja, yuko hapa ukumbini, sitamtaja, alikuja nyumbani jioni na uso umemshuka. "Papa, objektifu yangu inakufa." Alikuwa ameinunua kwa mtu, ya mkono wa pili, milimita 50, f/1.8 D (hiyo f ni upana wa tundu linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Kamera yake ni Nikon D3200. Nikaigeuza lenzi ile, nikatazama kwenye chuma cha nyuma. Pale pembeni kuna skrubu ndogo yenye mfereji. Nikamwambia: "Mwana, haikufe. Nzima kabisa. Inangoja kijiti, na kamera yako haina kijiti." Kamera ndogo za Nikon, tangu D40 ya mwaka 2006, D3000 na ndugu zake, D5000 na ndugu zake, zilitengenezwa bila mota ndani. Lenzi nzima, kamera nzima, ila hazikuumbwa kufanya kazi hiyo pamoja.

Basi nikamwonyesha. Zungusha pete ya tundu mpaka namba 22, ile ya rangi ya machungwa, halafu uifunge kwa kile kidude chake, usipofanya hivyo kamera itagoma. Sasa fokasi kwa mkono. Chungulia: pale chini kushoto kuna kitone cha kijani. Ukizungusha lenzi taratibu, kitone kikiwaka na kutulia, umefika. Kwa hiyo sensa ya fokasi, kile kipimio kilicho ndani ya kamera, bado inafanya kazi, bado inajua. Inakosa mkono tu, na mkono unao wewe! Leo kijana huyo anapiga picha za watoto wa jirani kwa lenzi ile ile, na anazipiga vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, geuza lenzi. Tazama nyuma yake. Uliza inaingia kwenye kamera gani. Maneno "inafanya kazi" ya muuzaji ni ya kweli mara nyingi. Swali ni: inafanya kazi juu ya nini?

Sasa turudi kwenye swali letu. Kamera inashika nini?

Inashika mpaka. Pale weusi unapokutana na weupe, pale kola inapokutana na shingo, pale bati la nyumba linapokutana na mbingu. Mahali penye mpaka, kamera inashika. Mahali pasipo na mpaka, kamera inatanga.

Nitaeleza kifundi kidogo, msilale. Katika kamera ya kioo, kioo kikubwa kinaupeleka mwanga juu kwenye jicho lako. Lakini katikati ya kioo hicho kuna sehemu inayopitisha mwanga kidogo, na nyuma yake kuna kioo kidogo kinachouelekeza chini, sakafuni mwa kamera. Huko chini imelala sensa ya fokasi. Inapokea sura mbili za kitu kile kile, moja iliyopita upande mmoja wa lenzi, nyingine iliyopita upande wa pili. Nafasi iliyo kati ya sura hizo mbili ndiyo inayoiambia mota: zunguka upande huu, kiasi hiki, simama. Ndiyo maana kamera za kioo zina mbio. Hazibahatishi, zinapima.

Ukiwasha sasa ile skrini ya nyuma upige picha kwa kutazama skrini, katika kamera nyingi za zamani kioo kinanyanyuka na sensa ya chini inabaki gizani. Hapo kamera inatumia njia nyingine: inazungusha lenzi huku inaangalia kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, inapanda, inapanda, inapita kilele, inagundua imepita, inarudi nyuma. Wazee mnakumbuka kutafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha, unaipita kidogo sauti inaharibika, unarudi? Hivyo hivyo. Inafika, lakini inachelewa. Kamera mpya zimeileta ile njia ya kupima juu ya sensa yenyewe ya picha. Canon walifanya hivyo kwenye 70D mwaka 2013, na zile zisizo na kioo sasa zinatambua mpaka jicho la ndege. Ni nzuri sana. Ni ghali pia. Wengi wetu hapa tuna za kioo, na tutaendelea nazo.

Lakini njia zote mbili zinataka kitu kile kile. Zinataka nini? (Ukumbi: "Mpaka!") Zinataka mpaka.

Njooni uwanjani Kamalondo siku TP Mazembe wanacheza. Kwa nini ni rahisi kushika fokasi kwa mchezaji wa Mazembe? Nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe! Milia iliyosimama wima kifuani. Sensa haiwezi kuomba zawadi kubwa kuliko hiyo. Wapinzani wakija na jezi ya rangi moja, utaisikia lenzi yako inahangaika, hasa jua likishazama.

Na hapo uwanjani kuna jambo lingine. Weka kamera kwenye fokasi ya kufuata, ile ya AF-C, au AI Servo kwa watu wa Canon. Ile ya kushika mara moja inashika na kufunga. Mchezaji ameshaondoka, wewe umefunga nyasi. Anayekukatiza kwenda kulia au kushoto si mgumu sana, kwa sababu umbali wake haubadiliki haraka. Mgumu ni yule anayekujia moja kwa moja. Mnamkumbuka Kidiaba, kipa wetu wa Mazembe, Abu Dhabi, 2010, tulipowapiga Internacional ya Brazili mbili bila? Akaruka-ruka kwa makalio golini! Hakuna kiwanda kilichofikiria kipa wa namna hiyo, lakini mwenye fokasi ya kufuata alimpata.

Sasa toka uwanjani, ingia kanisani jioni. Kwaya inafanya mazoezi. Suti nyeusi, ukuta wa kahawia, taa mbili, nyuso nyeusi kama zetu. Umeme ukikatika, tunabaki na taa za betri. Unabonyeza: zii, zii, zii. Lenzi inakwenda mwisho, inarudi, inakwenda tena. Kijana anasema kamera mbovu. Si mbovu, bandugu. Umeiambia ishike, hukuipa cha kushika.

Ipe cha kushika! Kuna kola nyeupe. Kuna ukingo wa kitabu cha nyimbo kilicho mkononi mwa mwimbaji huyo huyo, kwa umbali ule ule. Weka nukta ya katikati, ile ya fokasi unayoiona ukichungulia, pale kwenye ukingo, bonyeza nusu, kamera ikilia "pip", usiachie kidole, rudisha kamera usoni, piga. Kwa nini nukta ya katikati? Katika kamera nyingi za bei yetu, nukta ya katikati inasoma misalaba, mistari ya wima na ya kulala. Zile za pembeni mara nyingi zinasoma upande mmoja tu. Nimeona mtu anahangaika na ngazi za madhabahu, mistari yote imelala, nukta ya pembeni haioni kitu. Pindua kamera kidogo, iinamishe, ishike, halafu iweke sawa.

Na nyuso zetu je? Hili nalisema taratibu, kwa sababu nimewasikia watu wanasema kamera haziwapendi weusi. Uso mweusi penye mwanga hafifu una kontrasti ndogo. Hiyo ni fizikia, na walioziunda hawakuanza kwa kutufikiria sisi. Lakini uso una macho. Pale weupe wa jicho unapokutana na kiini, huo ni mpaka mkali kuliko wote mwilini. Mgeuze mtu aelekee dirisha. Usiondoke hapo mpaka uone kile kimwanga kidogo ndani ya jicho lake. Ukikiona wewe, kamera nayo imepata cha kushika. Bila mwangaza wa flashi, bila lenzi mpya, dirisha tu.

Kuna tabia ya pili ya otofokasi mnapaswa kuijua: ukiiacha ijichagulie yenyewe, mara nyingi inapenda kilicho karibu. Tazameni picha za mikutano kwenye simu zenu. Mikrofoni imetoka safi, unaweza kuhesabu matundu yake. Mheshimiwa aliye nyuma yake ni flu, ukungu mtupu! (Kicheko.)

Nenda bustani ya wanyama, hapa hapa mjini. Mtoto amesimama mbele ya seng'enge, simba yuko ndani, wewe unataka simba. Kamera inataka seng'enge. Seng'enge ina mipaka mizuri, iko karibu, kwa nini iiache? Sasa fanya hivi. Zumu mpaka mwisho. Fungua tundu la lenzi mpaka namba ndogo kabisa uliyonayo. Sogea, lenzi ikaribie waya kadiri walinzi wanavyoruhusu, na uchague tundu moja la seng'enge lililo mbele ya jicho la mnyama. Fokasi kwa nukta moja, na kamera ikikataa, hamishia kwenye mkono. Waya ule uliokuwa unakusumbua unayeyuka, hauonekani tena. Haujaondoka, uko pale pale, ila umekuwa karibu sana na mbali sana na fokasi kiasi kwamba unatawanyika kwenye picha yote.

Na harusi? Shela ya bibi harusi ni seng'enge ya hariri. Ikiwa imeshushwa usoni, kamera itashika nyuzi za shela na kuyaacha macho. Nilikuwa kwenye harusi moja ya jamaa, mpiga picha aliyelipwa ni dada mmoja mdogo, mwembamba, mtulivu. Padri alipofika karibu na kumfunulia bibi harusi, wapiga simu wote walikimbilia mbele. Yule dada hakusogea. Alikuwa ameshafokasi kwenye hereni ya bibi harusi, chini ya shela, akaifunga fokasi kwa kuhamisha swichi ya lenzi kwenda M, yaani fokasi ya mkono, akangoja. Shela ilipopanda, alibonyeza tu. Nikamuuliza baadaye nani alimfundisha. Akasema, "Papa, hereni haifungi macho."

Sasa nazungumza na ninyi mliokwisha kununua ile lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, kipenzi cha maskini. Nami ninayo, naipenda. Ikilinganishwa na lenzi iliyokuja na kamera ikiwa kwenye f/5.6, inapitisha mwanga karibu mara kumi. Mara kumi! Kanisani hiyo ni tofauti ya kupata picha na kukosa. Lakini inadai malipo. Ukiwa umbali wa mita moja, kwa kamera zetu hizi za sensa ndogo, kwenye f/1.8 eneo lililo safi lina unene wa sentimita tatu hivi. Ninyi mnaopiga picha za uso, pimeni: kutoka ncha ya pua mpaka jichoni ni ngapi? Ukishika pua, umepoteza jicho.

Mama mmoja wa mtaa wetu aliniita nipige picha ya ukoo wake. Bibi yao ameketi mbele kwenye kiti cha mikono, kitenge cha sikukuu, miguu haifiki vizuri chini. Nyuma yake wana wake na wake zao, nyuma tena wajukuu wamesimama juu ya benchi la kuazima. Mpwa wa familia, naye ana kamera, akanong'ona, "Papa, fungua f/1.8, nyuma itatoka laini." Laini? Nyuma ni akina nani? Nyuma ni wajukuu! Kwa umbali wa mita nne, f/1.8 ingenipa kama nusu mita iliyo safi, yaani mstari mmoja wa watu. Ningemchagua nani? Nikafunga mpaka f/8, nikapata zaidi ya mita mbili, kuanzia mbele ya magoti ya bibi mpaka nyuma ya benchi. Nilifokasi kwenye jicho la mtoto wa pili, aliye mstari wa kati. Bibi aliuliza kwa nini sikumtazama yeye, ndiye mwenye sherehe. Ilinibidi nimweleze hesabu yote, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tupige tena, safari hii nimtazame. Tukapiga tena.

Kuna wakati dawa ni kuizima otofokasi kabisa. Sokoni Kenya, komini ya hapa mjini, watu wanapita, gari la mkono linapita, huna nafasi ya zii-zii. Weka lenzi yako ya kawaida kwenye milimita 18, tundu f/8, fokasi kwenye kitu kilicho mita mbili, kisha hamisha swichi kwenda M. Kuanzia mita moja hivi mpaka upeo wa macho, kila kitu kitatoka safi vya kutosha. Sasa kazi yako ni kusalimu watu, kuomba ruhusa na kutazama nuru. Kamera haina la kuuliza tena.

Na jioni, mnapotaka bomba kubwa la kiwanda na ule mlima mweusi wa makapi ya shaba, alama ya mji wetu, msielekeze nukta katikati ya mlima. Mweusi mtupu, itashika nini? Wekeni ukingoni, pale mlima unapokata mbingu. Usiku ukiingia, tafuteni taa ya mbali, kuzeni picha kwenye skrini mpaka taa iwe kubwa, zungusheni kwa mkono mpaka iwe nukta ndogo kabisa, halafu msiguse tena. Wala msizungushe mpaka mwisho mkidhani ndiyo upeo. Lenzi nyingi za otofokasi zinaupita upeo kidogo.

Neno la mwisho ni la vumbi. Kiangazi chetu mnakijua, kuanzia Mei barabara zinakuwa nyekundu, na wekundu huo unaingia kwenye pete za lenzi. Badilisheni lenzi ndani ya nyumba, mdomo wa kamera ukitazama chini. Masika yakianza, adui ni unyevu. Lenzi iliyofungiwa kabatini kwenye begi la ngozi inaota kuvu, nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa kwenye kioo, na zikikaa muda zinakula ule mpako wa juu, haufutiki tena. Itoeni, itumieni, ipate hewa na mwanga.

Nimemaliza, maana naona watoto wanatazama soda. Sasa leteni lenzi zenu hapa mbele, tuzigeuze moja moja tuone ipi ina mota na ipi inangoja kijiti. Nina tochi ya kumulikia ndani. Atakayekutwa na kuvu lenzi yake ikae kwenye ile meza ya dirishani, mbali na za wengine, na kifuniko chake asimwazime mtu.